Vifaa vya Kusafisha Damu kwa Njia ya Tumbo na Hatari ya Maambukizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wagonjwa wa figo wanaosafisha damu nyumbani kupitia tumboni, ndugu wanaowasaidia, na wauguzi wanaoanza kuwahudumia. Katika tiba hii, maji maalumu hujazwa tumboni kupitia mpira uliowekwa kwa upasuaji, hukaa yakivuta uchafu wa damu kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa na kujazwa mengine mapya. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya kituo chako. Kituo kikikuelekeza tofauti na tulivyoandika hapa, fuata kituo, kisha uliza sababu.

Maambukizi yanayoogopwa ni yapi hasa?

Ni matatu, na yanahusiana. La kwanza ni maambukizi ya tundu la ngozi, pale mpira unapotokea nje ya tumbo. Dalili yake kubwa ni usaha. La pili ni maambukizi ya njia ya mpira chini ya ngozi: ukiipapasa inauma, imevimba au ni ngumu. La tatu, lililo zito kuliko yote, ni peritonitisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani ya tumbo. Utando huo ndio chujio lako. Ukiambukizwa mara kwa mara unapata makovu, uwezo wake wa kuchuja unapungua, na mgonjwa anaweza kulazimika kuhamia mashine ya damu hospitalini. Peritonitisi pia inaua.

Vijidudu vinaingiaje, wakati kila kitu kimefungwa?

Mara nyingi vinaingia wakati wa kuunganisha. Mgonjwa anayebadilisha maji mara 4 kwa siku anafungua na kufunga mpira wake mara 1,460 kwa mwaka. Kila mara, ncha mbili zisizo na vijidudu hukaa wazi kwa sekunde chache. Kidole kikiigusa ncha, au pumzi ikiipata, bakteria wa ngozi au wa mdomoni wanabaki pale na kusukumwa ndani na maji. Anayeonekana sana hapa ni Staphylococcus epidermidis, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu.

Wengine hufuata mpira kwa nje, kuanzia kwenye tundu la ngozi. Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi humbeba puani bila kujua, na Pseudomonas, anayependa maji na unyevu, ndio wasumbufu wakubwa wa njia hii. Wengine hutoka utumbo wenyewe, hasa mtu akifunga choo siku nyingi au akiharisha vibaya. Mwisho ni fangasi, ambao kwa kawaida hujitokeza baada ya mgonjwa kutumia antibayotiki. Ndiyo maana vituo vingi humpa nistatini au flukonazoli mgonjwa wa njia hii kila anapopewa antibayotiki, hata kama ni za ugonjwa wa kifua au jino. Daktari wa mtaani akikuandikia antibayotiki, kijulishe kituo chako.

Kati ya vifaa vyote, kipi kinapunguza maambukizi kweli?

Mifuko pacha yenye mpira wa umbo la Y. Hapa ushahidi ni mkubwa kuliko kwa kifaa kingine chochote.

Tiba hii ya kubadilisha maji kwa mkono ilibuniwa na mhandisi Popovich na daktari Moncrief huko Texas katikati ya miaka ya 1970, maji yakiwa kwenye chupa za kioo. Baadaye mifuko ya plastiki ilichukua nafasi ya chupa, lakini mgonjwa bado alichomeka ncha kwenye mfuko mpya kila mara, na kilichoguswa kwa bahati mbaya kiliingia tumboni moja kwa moja. Peritonitisi mara kadhaa kwa mwaka lilikuwa jambo la kawaida. Mpira wa Y uliotumiwa Italia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulibadilisha mpangilio: kwanza toa, halafu suuza, halafu jaza.

Mfuko wa maji mapya na mfuko mtupu wa maji machafu huja vimeshaunganishwa kiwandani, hivyo unabaki na muunganiko mmoja tu wa kufanya mwenyewe. Ukishaunganisha, maji ya tumboni yanatoka kwanza, na bakteria aliyeangukia kwenye kiungo anaondoka nayo kuelekea mfuko mchafu. Kisha unafunga upande wa tumbo na kuacha maji mapya kidogo yapite kutoka mfuko wa juu kwenda wa chini, ukihesabu polepole hadi 5 au kadiri ulivyofundishwa. Hapo hewa na uchafu uliobaki vinasukumwa nje. Ndipo unajaza.

Anayeruka hatua ya kusuuza ili kuokoa dakika moja amejinyima faida kubwa ya kifaa alichokilipia. Na ukipewa mfumo wa zamani wa kuchomeka kwa kuwa ni wa bei nafuu, uliza mifuko pacha itapatikana lini. Tofauti hiyo ya bei ni rahisi kuliko kulazwa mara moja.

Mashine ya usiku au kubadilisha kwa mkono: ipi salama zaidi?

Kwa upande wa maambukizi, hakuna iliyothibitishwa kuishinda nyingine. Chagua kwa kuangalia maisha yako: kazi, shule, umeme, nafasi ya chumba, na mtu wa kukusaidia.

Lakini kila moja ina mitego yake. Mashine, inayobadilisha maji yenyewe mgonjwa akiwa amelala, inapunguza idadi ya kujiunganisha na tumbo, kwa kawaida mara moja usiku na kujitoa mara moja asubuhi. Hata hivyo mifuko kadhaa huchomekwa kwenye kaseti yake, yaani kifaa cha plastiki kinachopitisha maji ndani ya mashine, na kila mchomeko ni nafasi ya kugusa vibaya. Umeme ukikatika katikati ya usiku, mgonjwa aliyesinzia anajitoa gizani kwa haraka. Weka tochi ya kuvaa kichwani, vifuniko vipya na kitakasa mikono karibu na kitanda, na jifunze kwa mkono pia hata kama unatumia mashine.

Mtego wa pili watu huuona wamechelewa. Mpira wa maji machafu wa mashine ukielekezwa moja kwa moja chooni, hakuna anayeyaona maji. Yanaweza kuchafuka usiku kucha na mgonjwa asijue hadi tumbo limwume. Tumia mfuko wa kukusanyia, au kila asubuhi angalia maji yaliyosimama ndani ya mpira penye mwanga.

Kaseti na mipira ya mashine ni ya kutumia mara moja. Kuitumia tena kwa sababu ya gharama ni kukaribisha peritonitisi.

Je, aina ya mpira unaowekwa tumboni ina maana? Ulionyooka au uliojikunja?

Ina maana ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Mpira wa silikoni wa Tenckhoff, uliotangazwa mwaka 1968, bado ndio unaotumika kote. Upo ulionyooka na uliojikunja mwishoni, uliopinda kama shingo ya bata na usiopinda. Hakuna aina iliyothibitishwa kuzuia peritonitisi kuliko zote. Swali la kumwuliza daktari ni utawekwaje, na nani, mara ngapi ameweka.

Mambo yanayohesabika siku ya upasuaji ni haya. Antibayotiki ya kinga, mara nyingi sefazolini, itolewe ndani ya saa moja kabla ya kupasua. Choo kiwe kimepatikana na kibofu kiwe kitupu. Mpira una pete mbili za kitambaa cha Dakroni ambazo nyama huota ndani yake na kuushikilia: ya ndani iwekwe kwenye msuli, ya nje ibaki chini ya ngozi umbali wa sentimita 2 hadi 4 kutoka kwenye tundu. Ikiwa karibu mno, itachungulia nje na kuwa maskani ya bakteria. Tundu liwe dogo, lielekee chini au pembeni na lisielekee juu, maana linaloelekea juu hukusanya jasho na maji ya kuoga. Na lisishonwe nyuzi, kwa sababu uzi pale ni chanzo cha usaha.

Kabla ya upasuaji, mahali pa tundu pawekewe alama ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, umevaa nguo zako za kila siku. Onyesha unapofunga kanga, kikoi au mkanda. Tundu likikaa chini ya fundo la kanga litasuguliwa kila siku. Lisiwe pia ndani ya mkunjo wa tumbo, wala mahali usipoweza kupaona kwa macho yako. Mwenye tumbo kubwa sana au mfuko wa choo anaweza kuwekewa mpira unaotokea juu zaidi, hata kifuani.

Baada ya kuwekwa, mpira hupumzishwa angalau wiki 2 kabla ya kuanza kujaza maji kamili, isipokuwa kuna haraka na daktari ameamua kuanza kwa maji kidogo mgonjwa akiwa amelala. Bandeji ya kwanza huachwa kwa siku kadhaa bila kufunguliwa, isipokuwa ikilowa au ikitoka damu, na anayeibadilisha ni muuguzi.

Mpira mfupi wa kuunganishia hubadilishwa lini?

Huu ni ule wenye kibanio cha kuzungusha, ulio kati ya mpira wa tumboni na mifuko. Mingi inayotumika sasa hubadilishwa kila miezi 6, na kazi hiyo hufanywa na muuguzi. Hubadilishwa mapema ukichafuliwa, ukipasuka, kibanio kikilegea, au baada ya peritonitisi kadiri kituo kitakavyoamua. Andika tarehe ya kuubadilisha kwenye kadi yako, usitegemee kumbukumbu.

Kifuniko cha mwisho chenye iodini ndani ni cha mara moja. Ukikifungua na kukuta sifongo yake ni kavu, kitupe. Kikidondoka, kitupe. Hakichovywi kwenye spiriti ili kitumike tena.

Maji ya glukosi ya aina mpya, yasiyo na asidi nyingi, yanapunguza maambukizi?

Hayajathibitishwa kupunguza peritonitisi. Faida yake iliyo wazi zaidi ni kusaidia mkojo uliobaki udumu muda mrefu. Ukiyapata, vizuri. Ukiyakosa, usidhani umehatarishwa.

Kwa anayetumia maji ya ikodekstrini, yaani yenye aina ya wanga badala ya glukosi, kuna tahadhari isiyohusu maambukizi lakini lazima tuiseme: baadhi ya vipimo vya sukari vya kidole huyasoma vibaya na kuonyesha sukari iko juu kuliko ilivyo. Mgonjwa wa kisukari akiongezewa insulini kwa kipimo hicho anaweza kuzirai. Hakikisha kipimo chako kinafaa.

Nioshe mikono vipi kama nyumbani hakuna maji ya bomba?

Unachohitaji ni maji yanayotiririka. Ndoo yenye koki au kibuyu chirizi vinatosha. Beseni la kuchovya mikono halifai. Tumia sabuni ya maji, maana kipande cha sabuni kilicholala kwenye kisahani chenye maji hufuga bakteria. Vua pete, saa na bangili. Sugua viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, kucha na vidole gumba kwa muda uliofundishwa. Vituo vingi husema dakika 1 hadi 2. Kausha kabisa kwa taulo ya karatasi au kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi, cha mara moja. Kisha paka kitakasa chenye alkoholi angalau asilimia 70 na uache kikauke chenyewe.

Kukausha ndiko kunakosahaulika. Tone la maji likitiririka kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye ncha ya mpira linabeba bakteria wa maji, na hao ni wagumu kutibu. Kama ulishagusa simu, pazia au pua baada ya kuosha, rudia.

Chumba kiandaliweje?

Si lazima kiwe cha pekee, ila kiwe na mlango na dirisha vya kufungwa kwa muda huo. Zima feni au pangaboi, maana upepo wake unarusha vumbi juu ya ncha iliyo wazi. Meza ifutwe kwa spiriti au dawa ya klorini. Wewe na msaidizi mvae barakoa inayofunika pua na mdomo. Mwanga uwe wa kutosha kuona ncha mbili zinapokutana.

Paka asiingie kabisa, hata akiwa mpole. Hupenda kucheza na mipira na kuing'ata, na bakteria wa mdomo wake aitwaye Pasteurella multocida anajulikana kusababisha peritonitisi kwa njia hiyo hiyo. Mbwa na kuku nao wabaki nje.

Maboksi yapange juu ya mbao au meza, mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko na dawa za wadudu. Mtu wa mifuko 4 ya lita 2 kwa siku anahitaji karibu lita 240 kwa mwezi, kwa hiyo pima nafasi kabla gari la mizigo halijafika. Tumia kwanza yanayokaribia kuisha muda.

Kabla ya kufungua kila mfuko angalia tarehe, kiwango cha glukosi, ujazo, na kama maji ni maangavu. Ubonyeze kwa nguvu. Unyevu kidogo ndani ya karatasi ya nje ni kawaida, lakini mfuko unaovuja haufai hata kama ni wa mwisho. Kuupasha moto, tumia kipashio kikavu hadi joto la mwili. Usiuzamishe kwenye maji ya moto, kwani maji hujificha kwenye maungio na kuingia unapofungua. Maikrowevu hupasha bila usawa na inaweza kukuunguza ndani.

Ncha imegusa shuka. Nifanye nini?

Inategemea kama maji yalishaingia tumboni. Funga kibanio hapo hapo. Weka kifuniko kipya chenye iodini. Acha kujaza, kisha piga simu kituoni. Kama kibanio kilikuwa kimefungwa muda wote, kwa kawaida muuguzi atabadilisha mpira mfupi na mambo yataishia hapo. Kama ulishajaza baada ya kugusa, au kibanio kilikuwa wazi, utahitaji pia antibayotiki za kinga, na mapema.

Mpira wenyewe ukitoboka au kupasuka, ubane kati ya palipotoboka na tumbo, ufunge kwa shashi safi na uende hospitali siku hiyo hiyo. Weka kibanio cha ziada nyumbani. Mkasi na wembe visiwe karibu na mpira hata wakati wa kubandua plasta.

Tunasisitiza jambo moja: sema ukweli kituoni. Wagonjwa wengi huficha kosa la kugusa kwa kuogopa kufokewa, wanarudi siku 2 baadaye na homa. Na muuguzi anayemfokea mgonjwa aliyesema ukweli anawafundisha wengine kuficha.

Tundu la ngozi nilisafisheje?

Likishapona, lisafishe angalau mara 2 kwa wiki, na kila baada ya kuoga au kutoka jasho jingi, kwa sabuni ya maji isiyo kali au dawa uliyopewa. Kausha kwa kugusagusa. Kisha paka krimu ya antibayotiki ya kinga, mupirosini au jentamisini, kiasi cha punje ya mchele, kila siku au kadiri ulivyoelekezwa. Kama mpira wako ni wa poliyurethani badala ya silikoni, uliza kwanza, maana marhamu ya mupirosini inaweza kuuharibu.

Magamba usiyabandue kwa kucha. Yalowanishe yatoke yenyewe. Usimwage haidrojeni peroksaidi wala spiriti kila siku, vinachoma ngozi changa. Majani, asali ya kienyeji, mafuta ya kondoo na unga wa vidonge havipakwi pale.

Mpira ubandikwe kwa plasta ili usivutwe. Kuvutwa kunachana ngozi ndani ya tundu, na mchubuko huo ndio bakteria anapoanzia. Kuoga kwa bomba la mvua au kopo kunaruhusiwa tundu likishapona. Kukaa ndani ya beseni, bwawa au mto hapana. Anayetaka kuingia baharini aulize kituo namna ya kufunika tundu na mpira wote kwa mfuko usiopitisha maji, na alisafishe mara tu akitoka.

Nitajuaje kwamba nina peritonitisi?

Maji yanayotoka yanakuwa na ukungu. Laza mfuko uliojaa juu ya gazeti penye mwanga: kama husomi maandishi kupitia mfuko, chukulia ni maambukizi hadi ithibitike vingine. Tumbo linaweza kuuma, homa inaweza kuwepo au isiwepo. Wengine wana maumivu tu na maji bado maangavu.

Si kila ukungu ni maambukizi. Nyuzi nyeupe kama pamba ni fibrini, protini ya mwili inayoganda, mafuta ya chakula na baadhi ya dawa za presha hufanya maji yawe kama maziwa, na mwanamke akiwa mwezini anaweza kuona damu kidogo. Lakini uamuzi huo ni wa maabara.

Usitupe mfuko huo. Ufunge, uubebe uende nao hospitali mara moja, usiku au mchana. Kuchelewa kwa saa kadhaa kunapunguza nafasi ya kuuokoa mpira. Usimeze antibayotiki za dukani kabla ya sampuli kuchukuliwa, kwani zitaficha kijidudu bila kukiua.

Hospitali itafanya nini?

Maji yaliyokaa tumboni angalau saa 2 yatapimwa. Peritonitisi huthibitishwa kwa kupata mawili kati ya matatu: dalili, yaani maumivu au ukungu, chembe nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita na zaidi ya nusu yake zikiwa nyutrofili (aina ya chembe nyeupe inayopambana na bakteria), na kijidudu kuota maabara. Kwa wauguzi: weka mililita 5 hadi 10 moja kwa moja kwenye kila chupa ya kuoteshea damu, hapo kitandani. Sampuli inayopelekwa kwenye kichupa cha mkojo mara nyingi haioteshi kitu, na mgonjwa anatibiwa kwa kubahatisha.

Antibayotiki huanza bila kusubiri majibu, kwa kawaida ndani ya maji ya tumboni, zikilenga makundi yote mawili makubwa ya bakteria. Mfuko wenye dawa hukaa tumboni angalau saa 6. Tiba huchukua wiki 2 hadi 3, hata kama umepona siku ya tatu. Kama maji hayajawa maangavu baada ya siku 5 za dawa sahihi, au kijidudu ni fangasi, mpira lazima utolewe. Kung'ang'ania mpira hapo ni kuhatarisha utando wote, na maisha.

Hospitali yetu haina mifuko ya kiwandani. Mgonjwa ambaye figo zimefeli ghafla anaweza kutibiwa kwa njia hii?

Ndiyo, na watoto wengi wameokolewa hivyo. KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa hospitali za ukanda wetu zilizoijenga huduma hii kwa figo zilizofeli ghafla, na mpango wa Saving Young Lives ulioanza 2012 umefundisha timu katika nchi mbalimbali za Afrika.

Maji yanaweza kutengenezwa wodini: lita 1 ya dripu ya Ringa Lakteti ukiongeza mililita 30 za glukosi ya asilimia 50 hutoa karibu asilimia 1.5 ya glukosi. Lakini kila sindano inayoingia kwenye mfuko ni nafasi ya kuuchafua. Changanya mahali safi, glavu tasa, mdomo wa mfuko ukisuguliwa kwa alkoholi, na tumia mara moja bila kuweka akiba. Tumia mpira laini, siyo ule mgumu wa kuchoma, na mfumo uliofungwa wenye umbo la Y. Nyumbani hakuna anayechanganya maji yake.

Niulize nini ninapochagua kituo?

Uliza kiwango chao cha peritonitisi. Chama cha kimataifa cha tiba hii, ISPD, katika mwongozo wa 2022 kinataka kisizidi 0.4 kwa mgonjwa kwa mwaka. Uliza pia nani anafundisha, kwa siku ngapi, na kama hufundisha upya baada ya mgonjwa kulazwa, kupata maambukizi, au macho na mikono yake kudhoofika. Uliza namba ya simu inayopokelewa saa nane usiku. Na uliza kama watakupa kinga kabla ya kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera au kufanyiwa upasuaji mdogo wa kizazi. Kwa vipimo hivyo unahitaji antibayotiki, na uingie tumbo likiwa tupu, bila maji ya tiba ndani yake.